Sikupewa Nyumba, Nimepanga

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi tiketi ya basi la Tanga kwenda Dar. Jirani wa ghorofa ya chini aliiokota chini ya mlango mkuu wa jengo letu, akanipandishia. Ilikuwa Jumanne, Januari 21, 2025, saa nane mchana. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya buluu namba ya mlango wangu, na chini yake maneno yaliyochapwa zamani, yanayongoja tu jina la wa kuandikiwa: tulikuja, hukuwepo.

Nilikuwepo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kwenye korido, hatua tatu kutoka mlangoni, nimevaa koti, soksi pea mbili na kanga kichwani, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, maana ndio muda nilioambiwa nimngojee fundi wa boila. Kazini niliomba ruhusa ya bila malipo. Chooni nilikwenda mara moja tu, na mlango wa choo niliuacha wazi.

Kwa msomaji wa Tanga au Mtwara, ambaye joto kwake ni la bure, nieleze kidogo. Boila ni sanduku linalotundikwa ukutani jikoni. Linachoma gesi na kuchemsha maji. Maji hayo huzunguka kwa mabomba mpaka kwenye hita za bati zilizofungwa chini ya madirisha, nazo ndizo zinazotia chumba joto. Boila hilo hilo ndilo linaloleta maji ya moto bafuni. Likifa, umekosa vyote kwa mpigo. Lina saa ndogo ya kuonyesha presha ya maji, na mshale wake ukiwa kati ya 1 na 1.5 basi mambo ni shwari. Usiku wa Jumatatu, Januari 6, mshale wangu ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Naishi mashariki mwa London, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya kaunsili, ndivyo tunavyoiita hapa halmashauri ya mji. Kaunsili zipo nyingi na yangu sitaitaja. Nina kesi ya kuandika, sina kesi ya kushtaki. Nilipiga simu, nikasikiliza muziki dakika 40. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zake. Aliniuliza kama nyumbani kuna mtoto mdogo, mzee au mgonjwa. Nikamwambia nina binti wa miaka 11 mwenye pumu. Akanipa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu nane, na kesho yake fundi alifika. Mpaka hapo sina la kulaumu. Fundi akafungua kikoki, mshale ukapanda, hita zikaanza kuguna, akanywa chai, akaenda zake. Saa tano usiku mshale ulikuwa umerudi kulala.

Ijumaa alikuja wa pili. Huyu alifungua mfuniko, akaona maji yanavuja ndani, akasema kuna kipuri kinahitajika na atakiagiza. Tukangoja kipuri. Jumatatu ya Januari 13 wakatuletea feni mbili za joto, za kuchomeka kwenye umeme. Kisha ikaja Jumanne ya kadi.

Sasa sikilizeni ninachotaka kusema kuhusu kadi hiyo. Fundi hakudanganya. Alifika kweli, akabonyeza kengele ya mlango mkuu chini, na kengele haikulia, kwa sababu ilikufa tangu Novemba. Wapangaji watatu tuliripoti. Kengele ni mali ya kaunsili, matengenezo yake ni ya kaunsili, na kwa sababu kaunsili haikuitengeneza, kaunsili haikuweza kuingia kutengeneza boila, na katika kompyuta ya kaunsili kosa likaandikwa la nani? La mpangaji wa ghorofa ya tatu. Fundi angeweza kunipigia simu. Simu yangu ilikuwa mkononi, imejaa chaji, haikulia.

Kesho yake nikapiga simu mimi. Nikaambiwa kazi imefungwa. Nikauliza, imefungwaje na boila halifanyi kazi? Nikajibiwa kwamba mfumo huifunga wenyewe fundi akikosa kuingia. Nifungue kazi mpya. Namba mpya, foleni mpya. Januari 30 akaja fundi wa tatu, mikono mitupu. Kipuri? Kazi ya kwanza ilipofungwa, kipuri kilirudishwa stoo. Kijana wa watu alisimama jikoni kwangu akiona haya kwa niaba ya watu asiowajua. Februari 7 akarudi nacho, na kukifunga kulimchukua dakika 50.

Siku 33, kwa kazi ya dakika 50.

Ningeweza kuishia hapa nikaitwa mwanamke mwenye malalamiko, na kaunsili ikabaki na mzigo wake. Lakini kwa mwaka huu mzima nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilikaa wiki mbili na ushee kabla ya kusema neno kali, mimi ninayeweza kugombana na muuza nyanya sokoni kwa senti. Jibu nimelipata kwenye neno letu wenyewe: kupewa.

Waswahili wa hapa tukikutana kwenye arusi au matanga, maswali ni yale yale. Karatasi umepata? Nyumba je? Na jibu ni moja: nimepewa na kaunsili. Kupewa, kama kuku wa zawadi. Nyumbani nako habari hufika hivyo hivyo. Mama yangu aliwatangazia majirani Ngamiani, Tanga, kwamba serikali ya Waingereza imempa mwanawe nyumba, na yupo mama mmoja aliyeniomba nimwombee na mwanawe apewe. Hakuna anayejua kwamba nilikaa miaka tisa kwenye orodha, mimi na watoto wawili, tukilala chumba kimoja cha mwenye nyumba binafsi. Hakuna anayejua kwamba kila wiki inayoanza natoa pauni 131 za kodi, na kwamba nikikosa wiki chache barua inakuja, na nikikosa zaidi mahakama inanisubiri. Mkataba niliutia saini mimi, na wao wakautia saini. Mtu aliyepewa hasemi, maana akisema ataambiwa hana shukrani. Aliyepanga ana haki ya kudai, na hakuna mtu atakayemwita mkosa adabu.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe. Mimi nina miaka 22 hapa na jembe nimelishika zamani, nasafisha wodi za hospitali usiku. Lakini nikiongea na kaunsili nakaa kama mgeni wa siku ya kwanza, anayeona haya kuomba maji ya kunywa. Nimerudi kuzihesabu simu zangu za Januari ile: kumi na moja. Kila moja niliianza kwa samahani kwa kuwasumbua.

Haya hii nimeirithi. Baba yangu alikuwa mpangaji katika nyumba ya Msajili. Vijana hawalijui tena neno hilo. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majumba ya kupangisha, mengi yakiwa mijini kama Dar na Tanga, na ikaanzisha ofisi ya Msajili wa Majumba ya kuyasimamia. Mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Basi sisi tulikuwa watoto wa nyumba ya Msajili. Dari lilipovuja, baba alipanda mwenyewe na kipande cha bati na kopo la lami. Choo kilipoziba, aliita kijana wa mtaani. Hakupeleka habari ofisini hata siku moja, kwa hiyo siwezi kukuambia kama wangekuja au wasingekuja. Tusiwasumbue, alikuwa akisema. Kodi alilipa kila mwezi, na stakabadhi alizipanga kwa mwaka ndani ya kopo la biskuti, akalifungia kabatini kama dhahabu. Mpaka leo najiuliza alikuwa akimwekea nani ushahidi, ikiwa hakuwa na nia ya kudai chochote.

Wiki ya tatu ya baridi yetu, kwenye kona ya chumba cha binti yangu, juu ya kitanda, kuvu ilianza. Kwanza vidoa kama pilipili manga iliyomwagika, kisha vikaungana. Madirisha yalikuwa yakitoka jasho mpaka kizingiti kikalowa. Nikaripoti. Akaja bwana mmoja na kidude cha kupima unyevunyevu, kikalia kila alipokigusisha ukutani. Akatazama nguo zilizotandazwa kwenye kianikio. Akauliza mara ngapi kwa siku nafungua madirisha. Akauliza tunapikaje, na kama sufuria tunazifunika. Halafu akaingia bafuni, akaiona ndoo na kata, akasimama hapo muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili, akaandika.

Wenzangu mnaijua ndoo hiyo. Haina siri yoyote. Ni ya kujitawazia, na boila likiwa limekufa ndiyo iliyotuogesha sote watatu kwa maji ya birika. Ripoti yake ilipokuja ilisema unyevunyevu unatokana kwa kiasi fulani na mtindo wa maisha ya wapangaji.

Nilipoisoma nilikaa chini, kwa sababu nilikuwa namjua Awaab.

Sikumjua kwa sura. Awaab Ishak alikuwa mtoto wa wazazi kutoka Sudan, waliopanga nyumba ya ghorofa ya shirika la nyumba huko Rochdale, kaskazini mwa England. Baba yake aliripoti kuvu mara ya kwanza mwaka 2017, akaambiwa aipake rangi. Kuvu ikarudi. Juni 2020 alichukua wakili, na utaratibu wa shirika ukawa kwamba matengenezo yangoje mpaka mawakili wakubaliane. Yakangoja. Desemba 21, 2020, Awaab alifariki, siku nane baada ya kutimiza miaka miwili. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitoa uamuzi kwamba mtoto alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliosababishwa na kuishi muda mrefu na kuvu nyumbani. Na shirika likakiri kwamba lilikuwa limejijengea dhana kuhusu maisha ya familia ile. Miongoni mwa dhana zilizozungumzwa katika shauri lile ni jinsi walivyokuwa wakioga. Ndoo.

Mnaona sasa kwa nini nilikaa chini. Sikatai fizikia. Watu watatu wakilala chumbani wanatoa mvuke, ugali ukisongwa unatoa mvuke, nguo mbichi zinatoa mvuke. Lakini mvuke hauwi maji mpaka ukutane na ukuta baridi, na ukuta wangu ulikuwa baridi kwa sababu boila lao lilikuwa limekufa. Kuniambia nifungue madirisha Januari, na nje kuna barafu, ili nyumba isiyo na joto ikauke, ni kumwambia mwenye kiu ateme mate. Oktoba 2021, mwaka mmoja kabla ya uamuzi wa Awaab, Mchunguzi wa Malalamiko ya Nyumba wa England alikwishatoa ripoti juu ya unyevunyevu na kuvu ambayo kichwa chake peke yake kilikuwa jibu: huu si mtindo wa maisha. Miaka mitatu na zaidi ikapita, na bwana wa kidude akaja kuandika maneno yale yale bafuni kwangu.

Sheria zipo, na ni haki kusema hivyo. Hizi ninazozitaja ni za England. Scotland ina zake. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985, kifungu cha 11, inamtwika mwenye nyumba matengenezo ya paa, kuta, mabomba, vyoo, umeme, na mitambo ya kupasha joto nyumba na maji. Huwezi kuwekewa kwenye mkataba kwamba boila ni juu yako. Sheria nyingine, iliyoanza kutumika Machi 2019, inataka nyumba iwe inakalika na binadamu. Na tangu 1994 mpangaji wa kaunsili ana haki ya matengenezo madogo kwa muda maalumu: joto likikatika kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Mei, siku moja ya kazi.

Ile ya 1994 nimeisoma mara tatu, maana mara ya kwanza nilidhani nimekosea Kiingereza. Fundi wa kwanza akishindwa kwa muda wake, unaomba atumwe wa pili. Wa pili naye akishindwa, unalipwa fidia ya pauni 10, na pauni 2 kwa kila siku inayozidi, lakini jumla isipite pauni 50. Pigeni hesabu. Siku 20 za pauni 2, kikomo kimefika. Ya 21 unaganda bure. Na viwango hivyo ni vile vile vilivyoandikwa mwaka 1994, wakati mimi nilikuwa bado nafunga vitabu kwa kamba ya mkonge kwenda shule.

Feni mbili walizotuletea zilikuwa za kilowati mbili kila moja. Tukiziwasha saa tano kwa siku, ni uniti 20. Uniti wakati ule ilikuwa kama robo pauni. Pauni tano kila siku, kwenye mita ya kuchaji, ambayo ni LUKU tu iliyovaa koti. Mwanangu wa kiume alinunua kipimajoto cha pauni nne, akakitundika chumbani kwa dada yake. Alfajiri kilisoma nyuzi 11. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isipungue 18 kwenye nchi za baridi. Mtu wa Lushoto atasema nyuzi 11 anazijua, ni Julai yake. Kweli, lakini Lushoto jua likipanda unatoka nje ukaote. Hapa jua la Januari linapanda kama mtu anayechungulia deni lake, halafu linarudi ndani.

Aliyeniamsha ni shoga yangu wa Mombasa, anayekaa ng'ambo ya mto. Nilimpigia kumlilia, naye akanikatiza. "Wewe wapiga simu? Simu yaenda na upepo. Waandikie." Nikamwambia nimeshaongea na watu saba. "Hao saba wako wapi? Wataje majina." Sikuwa na jina hata moja.

Nyumbani ugomvi wa nyumba una sura. Unakwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, mnakaa kwenye mkeka, kila mmoja anasema lake, na aibu inafanya kazi yake. Mwenye nyumba akikutazama machoni hawezi kusema hukuwepo ulipokuwepo. Hapa hakuna mkeka. Upo wewe, na upo mstari mmoja kwenye kompyuta ambao aliyeuandika hakuwahi kukuona, na atakayeusoma hatakuona. Aibu haipiti kwenye waya. Kisichoandikwa hakikutokea, na kilichoandikwa kimetokea hata kama hakikutokea. Sisi tuliozoea kumaliza mambo kwa kauli na heshima tunaingia ulingoni bila silaha.

Basi nikanunua daftari. Tarehe, saa, jina la aliyepokea, alichosema. Picha ya kipimajoto kila alfajiri. Picha ya ukuta, na rula pembeni ili kuvu ionekane inavyokua. Na picha ya kengele ya chini, kidole changu kimeibonyeza, kimya. Januari 23 nikaandika barua pepe, na kwenye kichwa cha habari nikaweka neno moja: malalamiko. Sikuwa nikijua kwamba kuripoti ubovu ni kitu kimoja na kulalamika ni kingine. Vina foleni mbili tofauti. Kanuni ya malalamiko, ambayo tangu Aprili 2024 ina nguvu ya sheria, inasema si lazima mpangaji alitamke neno hilo. Mimi nakushauri ulitamke. Wana siku kumi za kazi kujibu hatua ya kwanza, na 20 hatua ya pili, na usiporidhika unakwenda kwa yule Mchunguzi wa Malalamiko ya Nyumba, bure, bila wakili. Wazee wa nyumbani watamwelewa upesi nikisema ni kama ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya enzi za Mwalimu, ila kwa nyumba tu.

Jibu la kwanza lilisema samahani kwa usumbufu, pamoja na pauni 50. Wamesema samahani kama ninavyosema mimi, nikacheka peke yangu. Nikakataa. Nikatuma daftari zima, kurasa 14, zilizopigwa picha na mwanangu. Mwezi Machi jibu la pili: pauni 125 za umeme na 200 za kero, ukuta ukasafishwa na kupakwa dawa, na yale maneno ya mtindo wa maisha yakafutwa kwenye faili. Hayo ya mwisho ndiyo niliyoyapigania zaidi. Fedha zimeshaliwa.

Kuna njia mbili nimeona wenzetu wakipita, na zote nina mashaka nazo. Ya kwanza ni kuacha kulipa kodi ili kaunsili ione uchungu. Haioni. Inaona deni, na deni ndilo lugha ambayo kompyuta yake inaielewa kuliko zote. Ukifika mahakamani unajitetea wewe. Ya pili ni wale vijana wanaogonga milango na makaratasi, wanasema tukushtakie kaunsili, usiposhinda hulipi. Wapo mawakili wa kweli wanaofanya kazi hiyo, na wapo madalali. Kabla hujatia saini, kumbuka nyumba ya Rochdale ilivyongoja.

Nimtetee na fundi kidogo. Yule wa tatu, aliyekuja mikono mitupu, aliniambia siku hiyo alikuwa na nyumba tisa. Kaunsili nazo hazikuwa maskini hivi tangu mwanzo. Tangu sheria ya 1980 iliyowapa wapangaji haki ya kununua kwa bei ya punguzo, karibu nyumba milioni mbili za England zimeuzwa, na zilizojengwa kuziba pengo ni chache mno. Halafu kuanzia 2016 serikali kuu iliamuru kodi zipunguzwe asilimia moja kila mwaka kwa miaka minne. Mpangaji alifurahi, na mfuko wa matengenezo ukapungua. Haya nayajua. Lakini nina swali moja ambalo umaskini haulijibu. Kila mwaka sheria inawalazimu wakague usalama wa gesi, na wasipokagua wanaadhibiwa wao. Kwa ukaguzi huo hunipata. Barua mbili, ujumbe wa simu, simu yenyewe, na onyo kwamba nisipofungua watakwenda mahakamani. Mlango ni ule ule na kengele ni ile ile iliyokufa. Mbona siku hiyo wanaupata?

Oktoba 27, 2025, sheria inayoitwa kwa jina la Awaab ilianza kufanya kazi kwenye nyumba kama zetu. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Kuvu na unyevunyevu wa kutisha vichunguzwe ndani ya siku kumi za kazi, mpangaji apewe maandishi ndani ya siku tatu za kazi baada ya hapo, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku tano za kazi tangu uchunguzi umalizike. Baridi kali ndani ya nyumba ilipangwa kuingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2026. Ni sheria nzuri, na mtoto aliyeipa jina angekuwa ameanza shule. Ila nimeona ndani yake kitobo. Mwenye nyumba ana utetezi akionyesha kwamba alifanya kila lililowezekana. Nami najua ni karatasi gani itakayotolewa mfukoni siku hiyo. Haizidi tiketi ya basi.

Ndiyo maana sina ombi kubwa. Sidai fidia zaidi wala sheria nyingine. Nataka kazi isifungwe kwa neno hukuwepo mpaka mpangaji apigiwe simu na kumbukumbu ya simu iwekwe, na aulizwe: ulikuwepo? Swali moja. Nililipeleka kwa diwani wetu, anayekaa na wananchi kwenye maktaba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Sikuanza na samahani. Nilikaa, nikafungua daftari, nikamwonyesha kadi, nikamwonyesha picha ya kengele. Akasema jambo ni zito na atalipeleka kwenye kamati ya nyumba. Nikamuuliza kamati inakaa lini. Akatazama simu yake, akanitajia siku.

Nimeiandika.